Seli zisiposhikana

Kitovu cha mtoto mchanga kwa kawaida hukatika ndani ya wiki mbili hivi. Wapo wachache ambao chao hukawia hata kupita mwezi, kinavimba, kinakuwa chekundu, lakini usaha hauonekani hata tone. Wakipimwa damu, seli nyeupe zimejaa tele.

Tumezoea kuziita seli hizo askari wa mwili, na hesabu ya askari ndiyo tunayoiangalia. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea. Seli nyeupe husombwa na damu kwa kasi; ili itoke kwenye mshipa ni lazima kwanza ishike kitu. Selektini, yaani protini za kunasia zilizo kwenye ukuta wa mshipa, huikamata na kuiachia, huikamata na kuiachia, mpaka inabingirika taratibu. Kisha integrini zake, yaani protini za kushikia zilizo juu ya seli yenyewe, hujikunjua na kung'ang'ania. Seli inasimama, inajibana, inapenya ukutani kuelekea kwenye kidonda. Watoto wale wana kasoro katika jeni ya ITGB2, ambayo hutengeneza kipande cha integrini hizo. Seli zao zinapita tu.

Saratani nayo ina habari yake hapa. Seli za utando wa tumbo hushikana kwa kadherini, protini inayounganisha seli na seli. Mwaka 1998 watafiti walibaini kwamba familia za Wamaori wa New Zealand zilizoandamwa na saratani ya tumbo kizazi hadi kizazi zilirithi kasoro ya jeni ya CDH1, inayotengeneza kadherini hiyo. Seli za saratani hii hutawanyika mojamoja ndani ya ukuta wa tumbo, bila uvimbe wa kuonekana, na kamera ya daktari inaweza kuzipita.

Basi dawa ya kuzuia mshiko si jambo dogo. Natalizumabu huziba integrini ili seli nyeupe zisiingie kwenye ubongo wa mgonjwa wa sklerosisi nyingi (multiple sclerosis), ugonjwa ambao seli za kinga hushambulia ubongo na uti wa mgongo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, ikasimamishwa 2005 baada ya virusi vya JC, ambavyo kwa kawaida kinga ya mwili huvidhibiti, kushambulia ubongo wa baadhi ya waliotumia, ikarudi 2006 kwa masharti makali. Naiunga mkono, maana imewapunguzia wengi mashambulizi ya ugonjwa huo. Lakini mgonjwa aelezwe waziwazi, kabla ya dripu ya kwanza, kwamba mlango unaofungwa ni uleule ambao walinzi wake huutumia.