Bendera ya manjano na kalamu ya nahodha

Meli inayosubiri rubani nje ya Kilindini, bandari ya Mombasa, hupandisha bendera ya manjano. Wengi hudhani ni ishara ya maradhi, na zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi maana yake ni kinyume: humu sote wazima, tunaomba ruhusa ya kiafya. Pamoja nayo huja tamko la afya. Kuna aliyekufa safarini pasipo ajali? Kuna mgonjwa? Kuna mzamiaji aliyejificha melini? Mmepitia bandari zipi siku 30 zilizopita? Anayejibu na kutia saini ni nahodha.

Wasioiamini saini hiyo pekee, wanaotaka kila baharia akaguliwe kabla meli haijafunga gatini wana historia upande wao. Novemba 1918 meli Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, iliruhusiwa kushusha watu Apia, katika visiwa vya Samoa vya Bahari ya Pasifiki, ikiwa na wagonjwa wa mafua. Samoa Magharibi ilipoteza karibu mtu mmoja kati ya watano. Samoa ya Marekani, pale jirani tu, ilizizuia meli na haikuzika hata mmoja. Hoja hiyo haipuuzwi.

Lakini kipimajoto hakimwoni aliyeambukizwa jana. Na karantini nayo ina wahanga wake. Februari 2020, meli ya watalii Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, kwa sababu ya korona, ikiwa na watu 3,711. Abiria walifungiwa vyumbani, huku mabaharia wakiendelea kupika, kugawa chakula na kulala chumba kimoja wawili wawili. Walioambukizwa walizidi 700. Mwaka huohuo mabaharia wapatao 400,000 duniani walikwama melini mikataba ikiwa imekwisha, kwa kuwa bandari ziliwaogopa.

Mimi kinachonisumbua ni ile kalamu. Meli ya shehena hubeba watu ishirini hivi, na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unadai daktari pale tu walipo watu 100 au zaidi, tena kwa safari ya zaidi ya siku tatu. Kwa hiyo anayeiona homa kwanza ni afisa mwenye ufunguo wa sanduku la dawa. Nahodha akijua kwamba neno “ndiyo” litaiweka meli nangani wiki nzima, na kila siku ni hasara kwa mwenye meli, unadhani ataandika nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, ila baharini kifo chenyewe huenda kikatokea bandari inayofuata.

Tena tunajisahau: maradhi hayaji na meli peke yake. Baharia kutoka nchi isiyo na malaria anaweza kuumwa na mbu hapahapa Mombasa, homa ikampanda wiki mbili baadaye katikati ya Bahari ya Hindi. Na mgonjwa wa kwanza wa mpox (ndui ya nyani) Kenya, Julai 2024, aligunduliwa mpakani Taveta. Alikuja kwa barabara.

Kwa Ebola, au meli itokayo penye mlipuko, nipo na wakali: maafisa wapande, wakague, hakuna kubembelezana. Kwa zilizobaki, “ndiyo” ya nahodha ingepaswa kumletea daktari kwa boti siku hiyohiyo, huku makontena yakishushwa ikiwa ugonjwa unaruhusu. Gharama za matibabu ya baharia mkataba ule wa 2006 umeshamtwika mwenye meli. Boti, mafuta yake, na daktari wa kuamshwa saa nane za usiku, hayo ni ya bandari kuyatafutia fungu.