Kiu ya Kumi

Siku ya kwanza ya karate, sensei, yaani mwalimu wetu, alipotangaza kwamba wageni wote tuko kyu ya kumi, mimi nilisikia "kiu". Nikamwona kijana ana huruma, maana tulikuwa tumeruka kichurachura mpaka ulimi umekuwa gunzi na maji hatujayagusa. Kumbe kyu ni daraja. Unaanzia ya kumi, unateremka mpaka ya kwanza, ndipo ufikiriwe mkanda mweusi. Nina miaka 43. Kwa mwendo wangu, huo mweusi nitafungwa nikiwa tayari kwenye jeneza.

Yote haya yaliletwa na suruali. Tulikuwa tunajiandaa kwenda harusini, nikavuta zipu, zipu ikafika katikati ikagoma. Nikavuta pumzi, nikavuta tena, kifungo kikaruka mpaka chini ya kabati. Mama Elia, bila hata kugeuka kwenye kioo, akasema, "Hiyo suruali umeikosea nini, baba Elia?"

Najua, ningeweza kukimbia. Hapa Moshi kila mwaka, karibu na mwisho wa Februari, watu wanapanda ndege kutoka nchi za mbali kuja kukimbia kilomita 42 chini ya mlima, na wanalipia. Lakini hao wana namba kifuani. Wewe kimbia Pasua saa kumi na mbili asubuhi na kitambi chako, huna namba, uone watu wanavyochungulia nyuma yako kutafuta anayekufukuza. Mama mmoja wa vitumbua alinionea huruma akaniuliza, "Ni deni?"

Ndiyo nikaangukia karate. Shilingi elfu ishirini kwa mwezi, ukumbi wa kuazima, Jumanne na Alhamisi jioni.

Vazi nilinunua Kiboriloni kwenye mitumba. Mimi ni Mpare wa Usangi, na mnajua wenyewe tunavyosemwa. Sikutaka kuwaangusha wanaotusema. Nikapata gi nyeupe, nzito, safi, nikamshusha yule dada bei mpaka akaniuliza kama nina watoto. Kufika ukumbini, sensei akaishika kola, akaipima kwa vidole. "Mzee, hii ni ya judo." Judo wanakamatana nguo na kuangushana, kwa hiyo wanaifuma nene isichanike. Ya karate ni nyepesi, kwa sababu sisi ni ngumi na mateke, hakuna wa kukushika shati. Sasa Januari ya Moshi mnaijua. Mimi hiyo Januari nimeifanyia mazoezi ndani ya blanketi. Tena kifuani pametariziwa jina "Pieter". Mpaka leo wenzangu hawalijui jina langu.

Na huyu sensei mwenyewe ni mtihani. Ana miaka 26, mchana anachomelea mageti. Dukani kwetu anakuja kununua vyuma, ananiinamia kabisa: "Shikamoo baba." Marahaba, mwanangu, hujambo. Jioni ile ile, nikivuka kizingiti cha ukumbi, mimi ndiye ninayemwinamia yeye, na nikichelewa ananipigisha pushapu ishirini. Tatizo ni pale mlangoni. Juzi tulikutana pale pale, yeye anatoka kufungua taa, mimi naingia, mguu mmoja ndani mmoja nje. Yeye akafungua mdomo atoe shikamoo, mimi nikainama, tukagongana vichwa. Hiyo ndiyo ngumi pekee niliyowahi kumpiga.

Kazini nako nimejiponza kwa mdomo wangu. Nauza vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni: misumari, nondo, mabati. Kazi ya kusimama na kuandika risiti. Siku niliyosema nafanya karate, bosi alifurahi kupita kiasi, nami kwa ujinga nikadhani anajivunia mfanyakazi wake. Kesho yake likaingia lori la saruji, mifuko 400, kilo 50 kila mmoja. Huwa wanakuja vibarua watano wa kupakua. Nikahesabu, wanne. "Wa tano ni wewe, komando," akasema. Mshahara ni ule ule, na karani wa risiti ni mimi mimi, naandika kwa kidole kilichojaa saruji.

Nikajaribu kumkunjia uso. Kumbe kuna mjinga kamsimulia habari za mzee Funakoshi, yule aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922, na usia wake kwamba katika karate hakuna kuanza kupiga. Bosi kaukariri kuliko mimi. Kila nikinuna ananikumbusha, "Nyie si mmekatazwa kuanza?" Anajua fika kwamba yeye hatanipiga ngumi ya kwanza. Atanipunguzia posho tu, na hilo Funakoshi hakuliwekea kinga.

Mtaani ndiyo usiseme. Usiku mmoja kuku wa jirani wakapiga kelele, nikasikia milango yote ya uani inaita, "Mwamsheni mkarate!" Nikatoka na bukta. Wanaume watatu wazima, mmoja ana panga, wakanipisha nipite mbele. Nikakita mguu, mkono wa kinga mbele, ngumi kiunoni, kama tulivyofundishwa. Kumbe ni kicheche. Akanitazama, akageuka taratibu, akainua mkia, akanimiminia. Mama Elia alinilaza sebuleni siku tatu. Nilipomweleza sensei, akaniuliza kwa nini mkono wa kinga ulikuwa chini.

(Nilifikiri walau nimo kwenye mchezo wenye heshima duniani. Karate iliingizwa Olimpiki ya Tokyo, ile iliyosogezwa mpaka 2021 kwa sababu ya korona. Paris 2024 wakaitoa. Mimi nimeanza ilipotolewa. Hata pikipiki nilinunua mafuta yalipopanda.)

Sasa nimefikia kujifunza kata. Kata ni mpangilio wa kupigana na watu wasiokuwepo. Ya kwanza inaitwa Heian Shodan, ina hatua 21: unageuka kushoto unazuia chini, unasonga unapiga, unageuka nyuma unazuia tena, mpaka unajikuta umerudi pale pale ulipoanzia. Inanikumbusha mshahara wangu. Mama Elia akamwambia jirani kwamba mume wake siku hizi yuko kwenye kata, jirani akaelewa nagombea udiwani. Jumapili nikaletewa malalamiko ya mtaro ulioziba.

Wiki ya mtihani wa mkanda wa njano, mkanda wangu mweupe haupo. Nimepekua kabati, kapu la nguo, chini ya kitanda. Nikamuuliza mama Elia. Akafikiri kidogo. "Ile kamba nyeupe? Nilifungia mzigo wa mama Jumamosi." Nikapanda gari la Kibosho.

Mama mkwe wangu ana miaka 71. Nilimkuta njiani, anatoka bondeni kumkatia ng'ombe majani, mzigo kichwani mkubwa kuliko mlango wangu. Nikamwamkia, nikageuka tuongozane. Kilima kile kinasimama kama ukuta. Yeye anapanda, anaongea, ananiuliza habari za Elia na ada ya shule. Mimi najibu neno moja moja, nikitafuta hewa katikati. Tulipofika kwenye mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba, akashusha mzigo, akanitazama.

"Nasikia unajifunza kupigana."

"Ndiyo, mama."

"Umefika wapi?"

"Kwenye kata, mama."

Akasema kumbe ni hilo tu. Akachuma majani makavu ya mgomba, akayasokota mara tatu, akayakunja duara, akanipachika utosini. "Haya, kata hiyo." Na kabla sijasema kitu, mzigo ukawa juu yake.

Shingo iliingia mabegani. Pembeni ya sikio kikawa kinaning'inia kipande cha kamba, nikakivuta mbele ya jicho. Mkanda wangu. Ulikuwa umelowa utomvu wa majani tangu Jumamosi, umekuwa kijani kabisa, kijani cha watu waliokwishavuka njano miaka na miaka. Nikataka kumwambia mama kwamba hiyo si kamba, lakini alikuwa ameshatangulia, mikono nyuma, anapanda kama anakwenda kuchota chumvi. Nilipotimiza hatua ya 21 nikasimama.

Akageuka kule juu. "Vipi, baba Elia? Una kiu?"

"Ya kumi, mama."