Michoro ya Mitaa ya Paris, 1878: Ushahidi au Hisia Tu?

Tarehe 30 Juni 1878 Paris ilipambwa kwa bendera. Ilikuwa Sikukuu ya Amani, miaka saba tu tangu Ufaransa ishindwe vitani na Prussia, dola la Kijerumani, na tangu maelfu ya wakazi wa jiji hilo wauawe Jumuiya ya Paris, serikali ya waasi wa jiji, ilipozimwa. Mchoraji Claude Monet aliuchora mtaa wa Rue Montorgueil kutoka ghorofani: bendera zimeufunika mtaa, watu huko chini wamebaki vidoa vyeusi. Mchoraji mwenzake, Édouard Manet, naye aliichora Rue Mosnier, mtaa mpya uliokuwa ukionekana kutoka dirisha la studio yake. Bendera zipo, ila njia ni nyeupe. Mwanamume mwenye mguu mmoja anajikongoja kwa magongo, kavaa nguo ya buluu ya kibarua. Mwingine amebeba ngazi. Kushoto, uzio umezuia kifusi cha ujenzi.

Mwanahistoria amwamini nani?

Wapo wasiomwamini yeyote, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mchoraji huchagua. Yule kilema hudhaniwa na wengi kuwa majeruhi wa vita, lakini hakuna kitu ndani ya picha kinachothibitisha hivyo. Tena dirisha lenyewe ni la tabaka fulani la watu. Haussmann, aliyesimamia ubomoaji na ujenzi mpya wa Paris kuanzia 1853 hadi 1870, alipanua barabara, na kodi za nyumba zikapanda. Mafukara wengi wakasukumwa pembezoni. Anayechora kutoka ghorofa ya katikati ya jiji anawaona waliobaki na wanaopita. Waliohamishwa, kwake, hawapo.

Basi tutumie kamera? Charles Marville alipiga picha za vichochoro vya kale kabla havijabomolewa, kwa kazi aliyopewa na jiji. Kuta, mabango, mawe ya njia, vyote vimenaswa vizuri ajabu. Lakini kamera za wakati ule zilihitaji muda mrefu wa mwanga, kwa hiyo aliyekuwa akitembea alififia au akatoweka kabisa. Mitaa iliyosongamana watu inaonekana kama imehamwa. Kwa hiyo hata chombo tunachokiita cha kweli kilikuwa na upofu wake, na upofu huo uliangukia hasa watu.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa wachoraji, hasa Manet. Thamani yake haipo katika usahihi. Ipo katika kuweka ndani ya fremu moja mambo ambayo sherehe ilitaka yatenganishwe: bendera za taifa, mwili uliokatwa, kifusi cha jiji linalojengwa. Hata kama kilema aliongezwa baadaye, uamuzi wa kumwongeza mwaka 1878 ni tukio la kihistoria. Monet naye hakudanganya. Shangwe ilikuwepo, na umati uliogeuka vidoa ndivyo mtu wa ghorofani alivyouona.

Manet aliichora Rue Mosnier pia kwa brashi na wino, siku ya mvua. Miavuli na magari ya farasi ni mistari michache ya haraka, nyuso hakuna. Kwa swali la nani aliishi humo, mchoro huo hautakusaidia. Nenda kwenye daftari za sensa na kodi. Kwa swali la jinsi wapita njia walivyogeuka wageni wasiotazamana, hizo daftari zimenyamaza, na mistari ile imejaa habari.