Milele, kwa Meno Yapi?

Mtu akikutakia uishi milele, kabla hujaitikia amina mwulize: kwa meno yapi? Maana dua hiyo huombwa bila mtu kuchungulia stoo. Binadamu kapewa seti mbili tu. Ya kwanza meno 20, nayo anaitupa juu ya paa akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Ya pili 32, ukihesabu na yale magego ya mwisho yanayoota kwa vurugu wakati umeshaanza kudaiwa kodi ya chumba. Basi, hesabu imefungwa. Papa huko baharini likimdondoka jino, jingine limeshapanga foleni nyuma, na anaendelea hivyo mpaka anakufa. Papa! Hana kitambulisho, hana mke, hachangii harusi ya mtu, lakini spea anazo.

Na jino ukilitazama vizuri ni kazi ya fundi aliyehama mji. Lile gamba lake la nje, enameli, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ila hata pale lilipo nene halifiki milimita 3. Seli zilizolijenga zilishakufa jino lilipochomoza. Fundi kamaliza, kalipwa, simu haipatikani. Ukitafuna kashata, bakteria wanakula sukari pamoja nawe, halafu wanatoa tindikali. Ukali wake ukizidi, yaani kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, enameli inaanza kuyeyuka. Mate ndiyo yanayokuja kurekebisha, lakini yanataka kama nusu saa ya utulivu. Sasa wewe chai ya sukari saa moja, soda saa nne, juisi saa saba, chai tena saa kumi: mate yapumzike lini? Halafu kuna wale wastaarabu wanaomaliza soda na kukimbilia mswaki papo hapo. Hao wanasugua enameli ikiwa imelainika, wanajikwangua wenyewe. Subiri nusu saa, ndugu yangu, soda haikimbii.

Dakika mbili asubuhi, dakika mbili usiku. Kwa miaka 1,000 hiyo ni dakika milioni moja na laki nne na sitini elfu, yaani karibu miaka mitatu mizima umesimama bafuni na povu mdomoni. Na 1,000 si milele, ni utangulizi tu.

Kama huniamini mimi, mtazame tembo. Yeye kapewa seti sita za magego, hazioti kutoka chini kama zetu, zinatokea nyuma na kusukumana kwenda mbele kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni. Ya sita ndiyo ya mwisho. Ikisagika, akiwa na miaka 60 na kitu, mzee anahamia kinamasini kutafuta majani laini, na ikifika mahali hata hayo hayasagiki, anakufa njaa kasimama katikati ya chakula. Simba hakumgusa. Seti sita, na mia hakufika.

Mtaniambia meno ya bandia yapo. Sawa, twende gereji basi. Kuna vipanya barabarani vimebadilishwa injini, gia boksi, milango, viti, vioo, na bodi imenyooshwa mpaka imesahau umbo la kiwandani. Kilichobaki ni namba ya chasisi na kadi. Na sote tunasema gari ni ileile ya mzee fulani. Mwili nao ndivyo ulivyo. Utando wa ndani ya utumbo hubadilishwa kila siku chache. Ngozi ya juu, kama mwezi. Chembe nyekundu za damu hudumu siku 120. Mifupa hukarabatiwa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Yaani ule mguu uliovunjika ukiwa darasa la pili si mguu unaokusumbua leo mvua ikinyesha. Mguu ulishaondoka, maumivu yakarithishwa.

Basi orijino ni ipi? Hapa ndipo ninapochefuka. Vitu ulivyonavyo tangu mwanzo, visivyobadilishwa, ni vichache: neva nyingi za ubongo, kiini cha lenzi ya jicho kilichotengenezwa kabla hujazaliwa, na ile enameli. Ukivipakia vyote kwenye mzani wa bucha havifiki kilo mbili. Wewe halisi unabebeka kwenye mfuko mmoja. Na hao orijino ndio wanaoharibika! Utumbo unaobadilishwa kila wiki unasonga mbele. Lenzi ambayo haijabadilishwa, protini zake zinagandana kama ute wa yai kaangoni, unaambiwa una mtoto wa jicho, inatolewa, unawekewa ya plastiki. Jino linatoboka. Ubongo unasahau funguo, kisha unasahau funguo ni kitu gani. Kinachodumu si wewe, na kilicho wewe hakidumu. Anayetaka milele itabidi abadilishe hata hizo kilo mbili, na akishamaliza, naomba aniambie ni nani sasa anayeishi.

Serikali ina jibu lake: wewe ni namba ya NIDA, tarakimu 20, za mwanzo nane ni tarehe ya kuzaliwa, pamoja na alama za vidole. Tusiwacheke haraka. Pacha wa kufanana wana vinasaba vilevile lakini alama za vidole zinatofautiana, kwa sababu mistari ile huchorwa tumboni, na kila kidole kilibanwa na kusuguliwa kivyake. Ngozi ya kidole inatoka kila mwezi, mchoro unarudi uleule, maana ramani iko tabaka la chini. Kwa hiyo huenda mtu ni mchoro, si malighafi. Nakubali, ni wazo zuri, mpaka umkute fundi saruji aliyekwanguliwa vidole na kazi yake, mashine inamwambia hatambuliki, naye kasimama pale mzima mzima na jasho lake. Na kama mimi ni mchoro, mchoro unatolewa kopi. Kopi zikiwa mbili, nani arudi nyumbani kwa mama watoto na nani akalale gesti? Na deni la dukani ni la nani? Hapo ndipo kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, tena chenye alama zilezile.

Wapo waliokwisha kuipata milele, ila tazama ilivyowafikia. Henrietta Lacks, mama wa miaka 31, alifariki Baltimore tarehe 4 Oktoba 1951 kwa saratani ya shingo ya kizazi. Seli za kawaida za binadamu zikioteshwa maabara hugawanyika kama mara 50 kisha zinagoma. Leonard Hayflick alilionyesha hilo mwaka 1961. Za saratani ya mama huyu hazikugoma mpaka leo. Zinagawanyika karibu kila siku, zimesaidia kuijaribu chanjo ya polio, zimesambaa maabara za dunia nzima, na familia ilikuja kujua miaka zaidi ya ishirini baadaye. Mtu ana kromosomu 46, seli zile zinabeba kama 80. Milele imepatikana, mwenyewe hakualikwa.

Wengine wanajigandisha: wakishakufa mwili unawekwa kwenye baridi kali, wakitumaini siku moja sayansi itawafufua. James Bedford wa California aligandishwa Januari 1967, na mpaka sasa yumo kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wateja wa huduma hiyo hutunzwa vichwa chini, miguu juu. Sababu? Nitrojeni inapungua kwa kuvukiza, ikisahaulika kuongezwa, waanze kuyeyuka miguu. Yaani mkataba wa milele una kipengele cha “tukisahau”! Na kule Chatsworth, California hiyohiyo, miaka ya 1970, ndugu waliacha kutuma hela ya matunzo na walioganda wakaoza. Kama mjomba hachangii msiba, atachangia nitrojeni?

Haya, tuseme daktari kaja na kidonge, uzee umefutwa, unabaki na nguvu za miaka 25. Ajali hazijafutwa. Chukua nafasi ya moja kwa elfu kila mwaka ya kuondoka kwa lori, radi au mwiba wa samaki: ikifika mwaka wa 693, nusu yenu hampo. Fumo Liyongo mwenyewe, aliyeshindikana kwa mikuki, alikuwa na kitovu, na sindano ya shaba ikapatikana. Kisha fikiria woga wa huyo asiyezeeka. Mwenye miaka 30 ya kubaki anapanda bodaboda bila kofia, hasara yake kubwa ni miaka 30. Mwenye milele mbele yake anaiweka yote rehani kwa safari ya buku. Hapandi. Atatembea Kimara mpaka Posta, tena mtaroni.

Na maisha marefu ya mmoja ni bili ya mwingine. Pale Arles, Ufaransa, mwaka 1965, bibi wa miaka 90 aitwaye Jeanne Calment aliuziana nyumba na mwanasheria André-François Raffray, miaka 47. Mkataba wa kule upo wa namna hiyo: unamlipa mzee kila mwezi, akifa nyumba yako. Faranga 2,500 kwa mwezi. Mwanasheria alipiga hesabu akaona bibi keshakaribia mlango. Akalipa miaka 30, akafa yeye mwaka 1995, na mjane wake akaendelea kulipa. Bibi aliondoka 1997, miaka 122 na siku 164, rekodi ambayo haijavunjwa.

Basi waache apumzike? Wapi. Mwaka 2018 watafiti wa Urusi wakaibuka: huyu siye, ni binti yake Yvonne, mama alikufa 1934 na binti akavaa jina lake. Wataalamu wengi wakaikataa hoja hiyo, wengine wakataka kaburi lifukuliwe apimwe vinasaba. Mama wa watu kalala pale Arles, na bado anadaiwa kitambulisho.