Taya Lilivyoahidi Milioni

Kiungo cha taya kipo mbele kidogo ya tundu la sikio. Weka ncha ya kidole hapo, fungua mdomo taratibu, utakisikia kichwa cha mfupa wa taya la chini kikizunguka kwanza palepale kilipo, kisha mdomo ukizidi kupanuka kinateleza kuja mbele. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye mambo. Mbele ya shimo ambamo kichwa hicho hukaa kuna kituta cha mfupa wa fuvu, na siku ya mwayo mkubwa kichwa kinaweza kukipanda na kukivuka kabisa, kama daladala lililoruka tuta likazimikia ng'ambo. Misuli ya kutafunia ikishtuka na kukaza, inakivuta juu wakati njia ya kurudi iko nyuma. Mfupa umekwama, mdomo uko wazi, na mwenye mdomo hana la kufanya. Kwa kawaida mtu mzima hufungua mdomo milimita 40 hadi 50, yaani vidole vyake vitatu vikisimamishwa katikati ya meno ya mbele. Taya likiteguka, vidole vinaingia bila kuombwa.

Nafundisha anatomia katika chuo cha afya hapa Morogoro. Kwa hiyo lililonipata Jumapili ile, kwenye kikao cha kamati ya harusi ya mpwa wangu, nililijua jina lake, misuli yake na tiba yake tangu sekunde ya kwanza. Nilichokosa ni mdomo wa kusemea.

Mweka hazina alikuwa kwenye kipengele cha viti: vyenye vitambaa, visivyo na vitambaa, vyenye vitambaa bila utepe. Alipofika kwenye utepe nikapiga mwayo, ule wa haki, unaofumba macho na kutoa machozi. Katikati yake nikasikia "tok" kulia, "tok" kushoto. Macho yakafumbuka, mdomo ukakataa kufumba.

"Mwalimu ameshtushwa na bei ya utepe," akasema mweka hazina. "Basi tuanzie kwake. Mwalimu, ahadi yako?"

Nikainua vidole viwili, kisha nikavielekeza kwenye masikio yote mawili, kuonyesha kwamba pande zote zimetoka. Kitabibu jambo hilo lina uzito. Ukitoka upande mmoja, kidevu hupinda kuelekea upande ulio salama. Zikitoka zote mbili, kidevu husogea mbele kikiwa kimenyooka, na mbele ya kila sikio hubaki kibonyeo cha kuingia ncha ya kidole.

"Laki mbili!" Kalamu ikaandika.

Nikatikisa kichwa kwa nguvu zangu zote.

"Anasema laki mbili ni aibu kwa mjomba mtu," akafasiri shemeji.

Nikafungua viganja vyote viwili kuomba msaada. Vidole kumi. Kinamama wakapiga vigelegele kabla mweka hazina hajamaliza kuandika sifuri. Milioni moja.

Aliyegundua kwamba kuna tatizo ni mtoto wa mwenye nyumba, aliyekuwa anagawa soda. "Mbona anadondosha mate?" Tezi za mate za mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na kumeza huku mdomo uko wazi ni kazi ngumu, jaribu uone. Yangu yalishuka kidevuni, yakapita shingoni, yakaingia kwenye ajenda za kikao.

Ndipo kila mjumbe akawa daktari. Shangazi alisema pepopunda. Pepopunda hulifunga taya, halilifungui. Meno hubana hata kijiko kisipite, na mimi pale ungeweza kunipitishia kikombe. Mwenyekiti alisema kiharusi, na yeye namsifu kidogo, maana kiharusi kina kipimo chake: uso hushuka upande mmoja, mkono mmoja hushindwa kupanda, maneno huvurugika. Nikamnyanyulia mikono yote miwili juu ili aone iko sawasawa. Mweka hazina akauliza kama naongeza.

Mjomba wangu hakuuliza kitu. Mjomba ni fundi wa viungo kule milimani Uluguru, amenyoosha vifundo vya miguu vya nusu ya kijiji. Akapaka mafuta ya nazi viganjani, akanishika kidevu, akasukuma juu kwa nguvu za mtu aliyelima.

Juu ndiko kubaya. Misuli mitatu kati ya minne ya kutafunia kila upande, yaani masita iliyoko shavuni, temporali iliyotandaa kwenye kipanda uso, na pterigoidi ya ndani, yote inavuta juu tayari. Wa nne, pterigoidi ya kando, ndio unaokivuta kichwa cha mfupa mbele, na siku hiyo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Ukisukuma juu unazidi kukibana kichwa mbele ya kituta, maumivu yanazidi, na maumivu yanaifanya misuli ikaze zaidi. Kichwa kinatakiwa kishushwe kwanza mpaka kiwe chini ya kilele cha kituta, ndipo kisukumwe nyuma kiingie shimoni mwake. Nililijua hilo lote. Nikasema, "Aaaa." Mjomba akasema, "Vumilia, mwanangu," akaongeza mafuta, na safari hii akaingiza na vidole mdomoni.

Nikampokonya katibu daftari, nikaandika kwa herufi kubwa: SHUSHA KWANZA, HALAFU RUDISHA NYUMA.

Mwenyekiti akakisomea kikao kwa sauti. Watu wakanyamaza.

"Wajumbe, Mwalimu ametoa hoja. Bajeti ishushwe, na tarehe irudishwe nyuma."

"Kadi zimeshachapwa!" akalia dada yangu.

Hoja ikajadiliwa. Sehemu ya kwanza iliungwa mkono na watu wawili, wote wanaume. Shemeji ndiye aliyenitazama vizuri, akasema hoja gani inadondosha mate kiasi hiki, akaita bajaji. Mjomba akapanda kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na katibu akapanda kwa sababu daftari nilikuwa nalo mimi.

Mapokezi walitaka jina. Sauti za m, b na p hazitoki mpaka midomo ikutane. F na v zinataka mdomo wa chini uguse meno ya juu. Jina langu lina m mbili na b moja. Karani alisikiliza kwa subira, akaandika "Ahaa", akanipa namba.

Tabibu wa zamu ya usiku alipoinua uso nikatamani kurudi kwa mjomba. Alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimrudishia mtihani wa misuli ya kichwa na shingo, akaufanya upya.

"Mwalimu," akasema taratibu, huku akivaa glavu. "Karibu sana."

Lakini maswali yake yalikuwa ya mtu aliyeelewa somo. Je, nimepigwa au nimeanguka? Ingekuwa hivyo, picha ya eksirei ingetangulia, kwani huenda shingo ya mfupa imevunjika na kuuvuta ni kuharibu. Je, limewahi kutoka kabla? Lililowahi kutoka hutoka tena kwa urahisi. Je, nimetumia dawa ya kuzuia kutapika kama metoklopramidi, au haloperidoli? Dawa hizo zinaweza kukaza misuli ya taya na shingo mpaka mdomo ukakataa kufunga, na tiba yake ni sindano nyingine kabisa. Nikatikisa kichwa mara tatu, katibu akatazama daftari lake kwa wasiwasi.

Akaanza na njia ya upole. Unachukua bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, unaliweka katikati ya magego ya juu na ya chini upande mmoja, mgonjwa analing'ata kidogo huku akilibingirisha mbele na nyuma. Magego yanapolibingirisha, taya hushuka na kurudi lenyewe, hakuna kidole cha mtu kinachoingia mdomoni. Ni mbinu nzuri. Langu liliteleza kwa mate na mafuta ya nazi, likaruka hadi kwenye beseni la vifaa.

"Nani kampaka mafuta?" Mjomba akatazama dari.

Basi tukaenda kwenye njia ya kale, na kwa kale namaanisha kale: mafunjo ya Misri yanayojulikana kwa jina la Edwin Smith, ya yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanaeleza vidole gumba ndani ya mdomo na vingine chini ya kidevu. Nikakalishwa kwenye kigoda, kisogo kikiegemea ukuta. Kigoda lazima kiwe kifupi, taya liwe chini ya viwiko vya tabibu, ili ashushe kwa uzito wa mwili wake. Akitegemea mikono mitupu, misuli ya taya itamchosha yeye kwanza. Gumba zote mbili akazizungushia shashi tabaka kadhaa juu ya glavu. Mjomba akaguna kwamba shashi ni woga.

Gumba zikakaa juu ya magego ya mwisho, vidole vingine vikashika taya kwa chini. Akakandamiza chini bila kushtua. Ukishtua misuli inajibu kwa kukaza, wakati mkandamizo wa taratibu huichosha, nayo hulegea yenyewe kama una subira.

"Masita inaanzia wapi, Mwalimu?" aliuliza, uso wake sentimita chache kutoka kwangu.

"Aaa."

"Mfupa wa shavu. Inaishia wapi?"

"Aaaa."

"Pembe ya taya. Siku ile ulinipa 38."

"Tok." Upande wa kulia ukaingia. Kwa kuwa wa kushoto ulikuwa bado nje, kidevu kikapinda kuelekea kulia, na kulia alikuwa amesimama mjomba. Akaona namkunjia uso mbele za watu, akanuna. Tabibu akahamishia uzito kushoto, akashusha, akasukuma nyuma huku akiinua kidevu kwa vidole vya mbele. "Tok." Masita zikafunga mdomo kwa nguvu zote zilizokuwa zimeibana jioni nzima, na meno yangu yakazama kwenye shashi.

Tabibu akatoa gumba zake taratibu, akazionyesha. Alama za magego zilikuwa zimepenya tabaka za juu. Mjomba akaweka mikono yake mfukoni.

Masharti yakasomwa. Wiki mbili mdomo usifunguke zaidi ya sentimita 2. Uji, mtori, wali uliolainika. Mishkaki, mahindi ya kuchoma na miwa marufuku. Ibuprofeni baada ya chakula, kitambaa cha uvuguvugu mashavuni. Mwayo ukija, ngumi chini ya kidevu uubane. Kano zinazoshika kiungo zimevutika, zikivutwa tena kabla hazijapona taya litazoea kutoka.

"Sasa anaweza kuongea?" akauliza katibu, daftari limefunguliwa kwenye ukurasa wa ahadi. "Tunataka athibitishe."

"Leo asiongee kabisa," akasema tabibu.

Katibu akaandika: hakupinga.

Ilikuwa karibu saa sita usiku. Tabibu akafunga faili, akajinyoosha, akapiga mwayo mrefu. Mwayo unaambukiza, nanyi mnajua. Niliusikia wangu ukija kutoka kifuani, nikajipiga ngumi zote mbili chini ya kidevu, macho yakanitoka, shemeji akadhani natapika, akaniletea beseni lenye bomba la sindano.

Kwa usalama tabibu akanifunga bandeji: inapita chini ya kidevu, inapanda mbele ya masikio, inafungwa fundo utosini, ili taya lipumzike usiku. Inafanya kazi vizuri. Ila kwetu anayefungwa kidevu namna hiyo ni marehemu, na hilo halikutujia akilini mpaka bajaji iliposimama nyumbani, taa ya barazani ikanimulika nimeegemea bega la shemeji, macho nusu, kitambaa cheupe kichwani. Shangazi alikuwa barazani na tasbihi. Kilio chake kiliamsha mtaa.

Nikajaribu kumwambia niko hai, kwa kuzingatia sentimita 2. Ikatoka sauti nzito ya puani. Shangazi akakimbilia ndani.

Jirani wa kwanza alifika na mkeka begani. Akaniona nimekaa, akanisalimia kwa adabu, akamgeukia shemeji akanong'ona, "Maziko saa ngapi?"

"Kesho nina kipindi saa mbili asubuhi," nikamjibu kwa meno.