Nyimbo za Kisiwa cha Man: kuziokoa au kuziremba?

Dokta John Clague alitibu wagonjwa kusini mwa Kisiwa cha Man, kati ya Ireland na Uingereza, na katika miaka ya 1890 akawa anawaomba wazee wamwimbie. Alikusanya mamia ya tuni. Mmoja wa waimbaji wake wakubwa alikuwa Tom Kermode, mvuvi kipofu wa Bradda. Kimanx, lugha ya kisiwa, kilikuwa kimebaki vinywani mwa wazee kama hao.

Clague alishirikiana na ndugu wawili, J.F. na W.H. Gill, na hapo ndipo ubishi unapoanzia. Mwaka 1896 W.H. Gill alichapisha nyimbo hizo akiwa amezipangia piano na kuzivisha maneno ya Kiingereza. Wanaomlaumu wana hoja: wimbo wa mvuvi ukishapigwa pasi uingie sebuleni, umebaki wa nani? Lakini anayewalaumu akina Gill na aseme pia nani angenunua kitabu cha Kimanx mwaka ule, wakati wazazi wengi walishaacha kuwasemesha watoto wao lugha hiyo. Hata wimbo wa taifa wa kisiwa ni kazi ya Gill, na umetokana na wimbo wa zamani, Mylecharaine.

Kwangu, kuremba si kosa ikiwa cha asili kimewekwa. Madaftari ya Clague yapo, na kati ya 1924 na 1926 mtafiti wa nyimbo za kienyeji, Anne Gilchrist, alizichapisha tuni za Clague pamoja na maelezo, kwa hiyo mpiga fidla wa leo anaweza kuona Gill alipotia mkono. Hata hivyo Clague naye si malaika: tuni aliziandika, ila maneno mara nyingi aliyaacha.

Mtihani mgumu ni Mona Douglas (1898–1987). Alifufua ngoma za kisiwa, na tamasha la kisiwa, Yn Chruinnaght, lilirudi miaka ya 1970 kwa juhudi zake. Lakini kwa baadhi ya ngoma hizo ushahidi mkubwa ni neno lake mwenyewe, na wapo wanaoshuku kwamba palipopungua alijazia kwa kubuni. Bila yeye vijana wasingekuwa na cha kucheza. Mimi ningeingia uwanjani nikacheza nao, ila kwenye ratiba ya tamasha nisingeandika “ya kale”.