Gofu la kanisa la Wharram Percy: liezekwe upya au liachwe?

Huko Yorkshire, Uingereza, kuna gofu la kanisa la parokia linaitwa St Martin, lipo bondeni Wharram Percy, halina paa na mnara umebaki nusu. Kijiji chenyewe hakipo, unaona matuta ya nyasi tu pale nyumba zilipokuwa. Wengi wanadhani tauni ya miaka ya 1340 ndio ilikimaliza, hapana, tauni ilipunguza watu ila kijiji kiliendelea zaidi ya miaka 100, kilichokimaliza ni kondoo, wenye ardhi waliona sufu inalipa kuliko wakulima na kufikia kama mwaka 1500 watu wakawa wameondoka.

Kanisa likabaki, maana waumini wa vijiji jirani kama Thixendale bado walikuwa wanatembea kuja kusali pale. Thixendale wakajengewa lao 1870, ibada ya mwisho hapa ikawa 1949, halafu 1959 sehemu ya mnara ikaanguka.

Sasa wanaosema liezekwe nawaelewa kabisa. Hii ni nyumba ya ibada, watu wamebatizwa na kuzikwa hapo kwa karne nyingi, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa mifupa ya karibu watu 700 hapo kanisani na makaburini. Na ukuta usio na paa unakunywa maji kwa juu, baridi ikija maji yanaganda ndani na jiwe linapasuka.

Lakini me nawauliza, liezekwe lirudi kuwa la mwaka gani? Uchimbaji uliofanyika hapo 1962 mpaka 1974 ulionyesha kwamba lilianza kama kanisa dogo la mbao, likaja la mawe, watu walivyoongezeka wakapanua kulia na kushoto, watu walivyopungua wakabomoa zile pande mbili na hata sehemu ya madhabahu wakaifupisha. Yaani kama nyumba zetu tu, watoto wakija unaongeza chumba, wakihama unabomoa banda. Simama nje uangalie ukuta, utaona matao yamezibwa mawe, mkunjo wa kila tao unaonekana wazi kabisa na katikati ya hayo mawe ya kuzibia kuna dirisha. Hapo zamani hakukuwa nje, palikuwa ndani, watu walipita chini ya tao hilo hilo. Ukilirudisha la mwaka 1300 itabidi uyafungue hayo matao, na ukiyafungua umefuta habari ya kijiji kupungua, ambayo kwangu ndio kubwa kuliko zote pale.

Kwa hiyo mimi nipo upande wa kuliacha, ila kuliacha sio kulitelekeza. Vichwa vya kuta vifunikwe vizuri, nusu ya mnara iliyobaki ikaguliwe kila mwaka, na wakiziba nyufa watumie chokaa, sio saruji, maana saruji inafungia maji ndani ya ukuta na jiwe la zamani ndio linaloumia.